Bibi Anayemtafuta Naibu Tackett

Kila Alhamisi bibi huyu huja kwenye chumba changu cha majalada, hapa mahakamani, akanawa mikono na kuchonga penseli. Nikimkumbusha kwamba kahawa haiingii humu, hunijibu, "Una kiherehere, mjukuu wangu." Anamtafuta naibu sherifu Tackett, askari wa wilaya aliyepigwa risasi akafa mwaka 1893. Jina lake halimo kwenye ukuta wa mashujaa waliofia kazini, eti alikufa akitoka kulewa. Vidole vya bibi hupita mstari kwa mstari juu ya karatasi kuukuu. Alhamisi iliyopita vilisimama kwenye daftari la jela, kwenye tarehe aliyokufa Tackett: "Mfungwa anaumwa. Tackett ametoka kumwita daktari." Nilipiga makofi, hakunisikia. Alikuwa akilipapasa lile jina kama kichwa cha mtoto aliyesinzia. "Ulikuwa kazini, mwanangu," alinong'ona. "Ulikuwa kazini."