Nani Kachafua Hewa

Bernadina, mama yake Wiliam, alikuwa amechoka kutazamwa. Uchovu wa jembe anaujua. Huo unalala nao na asubuhi umeondoka. Uchovu wa macho ya watu unalala nao, unaamka nao, na ukiishika njia ya zahanati unakuta umekutangulia.

Na zahanati hana namna ya kuiacha. Ana presha. Kila mwezi lazima apimwe, apewe vidonge vyake, arudi. Anatoka kwake jua likiwa limechomoza kidogo, anapita mashamba ya pamba, anapumzika kwenye daraja, anafika ukumbi wa kusubiria ukiwa umeshajaa. Anakwenda kona ya mwisho ya benchi, kule ukutani, kwa sababu mgongo wake unataka kuegemea. Watu wanamwachia. Zamani walimwachia kwa heshima.

Zahanati yenyewe iko kando ya barabara iendayo machimboni, Mwakitolyo. Ng'ambo ya barabara mtu mmoja mwenye fedha zake aliweka karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ikianza kunguruma, vumbi jeupe linaingia mpaka kwenye maji ya kumezea dawa. Kwa hiyo madirisha yanafungwa. Hakuna aliyeamuru. Karasha ikiwaka tu, aliye karibu na dirisha ananyoosha mkono, anavuta kioo, basi. Kilio cha watoto, jasho na kikohozi cha wachimbaji, vyote vinabaki humo ndani na wenyewe.

Kidude kililetwa na watu wa serikali, korona ikiwa imeshapita. Walikusanya watu wakasema ugonjwa mwingine wa kupita hewani ukija, usiwakute watu wamelala kama ule ulivyowakuta. Wakasema kwenye majengo ya umma hewa ya ndani lazima ijulikane kama ni nzuri au mbaya. Wakapigilia ukutani kidude cheupe, ukubwa wa redio ndogo, chenye taa. Taa ikiwa ya kijani, kaeni kwa amani. Ikiwa njano, angalieni. Ikiwa nyekundu, hewa si nzuri. Walieleza na mengine, ila siku hiyo karasha ilikuwa inanguruma, na soda zilikuwa zinagawiwa. Nani atasikiliza?

Walikipigilia pale konani, juu ya kichwa cha Bernadina.

Nesi aliyefundishwa habari za kidude alihamishwa. Akaja Loveness, binti mchangamfu, mpole, mwenye kazi za watu watatu. Siku taa ilipogeuka nyekundu ukumbi umejaa, watu wakamuuliza kuna nini. Naye alikuwa anapita na trei ya sindano, akajibu bila kusimama:

"Hewa imechafuka hiyo."

Mambo yaliharibikia hapo hapo. Maana kuchafua hewa, kwa Kiswahili cha watu wote, ni jambo moja tu, na hata mtoto wa chekechea analijua.

"Nani kachafua?" Rhoda akauliza kwa sauti. Rhoda anauza dagaa mnadani, mdomo wake haujui foleni. "Jamani, mimi simo! Leo nimekunywa chai kavu tu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Chacha, kijana mchimbaji aliyetoka huko Tarime, mkono wake umefungwa bandeji, akasema, "Mwenye kuwahi kukana ndiye mwenyewe, mama dagaa."

"Nyamaza wewe, unanuka duara, hilo shimo lenu la dhahabu!"

Wakacheka tena. Kisha mmoja akatazama kidude, akatazama chini yake, akamwona Bernadina ndiyo kwanza ameketi anafuta jasho.

"Bibi, ni wewe?"

Angecheka naye yangeishia pale. Lakini Bernadina hacheki kwa kuamriwa. Aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, akasema, "Nimezaa wakubwa zenu. Sijibu upuuzi." Wenye kucheka wakanyamaza, na kimya kile hakikuwa kizuri.

Mwezi uliofuata akafika kama kawaida, ukumbi umejaa kama kawaida, akaketi. Haukupita muda taa ikawa nyekundu. Mwezi mwingine tena vile vile. Sasa hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyekuwa amempakata mtoto akamfunika uso na khanga, akahamia benchi la mbele.

"Serikali imekataza ramli chonganishi," Chacha akasema, "halafu imetuletea ya betri."

Yeye alitania. Ila huku usukumani neno hilo si la kutania. Ramli chonganishi ni pale mganga anapotazama mambo yake halafu anamnyooshea mtu kidole: huyu ndiye aliyemuua mwanao, huyu ndiye aliyezuia mvua. Na kidole hicho kina mazoea, kinapenda kuelekea kwa bibi kizee mwenye macho mekundu.

Macho ya Bernadina ni mekundu. Yatakosaje? Amepika miaka yote hiyo kwa miti ya pamba na mavi ya ng'ombe, kwenye jiko la udongo lisilo na dirisha. Marehemu mumewe alilijenga hivyo ili fisi na wezi wasipate pa kupenya, na kweli hawakupenya, ila moshi nao haukupata pa kutokea. Mageni, shangazi yake aliyemlea, alikuwa na macho hayo hayo. Walimkata panga mchana kweupe, amekaa anamenya viazi vya kukausha michembe. Bernadina alikuwa msichana. Viazi vilivyobaki alivimenya yeye, kwa sababu waombolezaji walitakiwa kula.

Kwa hiyo watu walipoanza, alijua wanakoelekea kabla wenyewe hawajajua. Kwenye msiba mmoja kijijini alishika sufuria aoshe, akanyang'anywa kwa upole: "Pumzika, mayu," yaani mama, "tutaosha sisi." Mtoto wa jirani aliyezoea kunywa maji kwenye mtungi wake akaitwa kwa ukali arudi nyumbani. Halafu asubuhi moja alifungua mlango akakuta mbao zimechorwa msalaba kwa mkaa, mkubwa, kutoka juu hadi chini.

Aliutazama. Akachukua kitambaa, akalowesha, akasugua mpaka mkono ukauma. Ukabaki weusi kidogo kwenye nyufa za mbao. Hakumwambia mtu.

Lakini maneno yana miguu. Wiliam, mwanawe, anapakia malori pale bandari kavu ya Isaka. Akapiga simu.

"Mama, funga vitu vyako. Nakuja kukuchukua Jumapili."

"Unipeleke wapi?"

"Kwangu. Chumba kipo."

"Na nyumba yangu?"

"Mama, nyumba ni udongo."

"Ndiyo. Udongo nilioukanyaga mimi kwa miguu yangu. Nikiondoka leo watasema nini? Watasema kamekimbia, basi kweli kalikuwa kachawi. Nitazikwa huko Isaka na jina hilo?"

"Bora jina baya kuliko panga, mama."

Lilikuwa neno la mtu mzima, na lilisemwa na mtoto aliyekuwa anatetemeka sauti.

"Alhamisi ni kliniki yangu," akasema mwisho. "Nitakwenda. Jumapili njoo, tutaona kama utanikuta na mzigo au bila mzigo."

Alhamisi hiyo hakungoja jua. Alifika zahanati Loveness anafungua kufuli.

"Shikamoo, bibi. Mbona mapema hivi? Umezidiwa?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Sijazidiwa. Nimekuja kukaa na kidude chenu kabla watu hawajafika."

Loveness akamtazama, akataka kuuliza, lakini mama mmoja alikuwa anashushwa kwenye pikipiki, uchungu umemshika, basi akakimbia kumpokea.

Bernadina akaketi konani kwake, peke yake, juu yake taa ya kijani. Alikaa muda mrefu. Hakuwa na hasira. Hasira inataka nguvu, na nguvu zake alizimalizia njiani.

Watu wakaanza kuingia. Kila aliyeingia alimwona bibi, akatazama juu, akaona kijani, akasita. Rhoda aliingia na kikohozi chake.

"Mwangaluka," akawasalimia wote kwa Kisukuma, si bibi. Kisha akanyanyua kidevu. "Eh! Leo kimelala?"

"Kimeamka mapema kuliko wewe," Bernadina akamjibu.

Karasha ikawaka. Mkono mmoja ukavuta kioo, na mwingine, na mwingine. Benchi zikajaa, wengine wakakaa chini. Chacha naye alikuwepo, amekuja kufunguliwa bandeji nyingine. Joto likapanda, watoto wakaanza. Taa ikawa njano. Watu wakainua vichwa. Taa ikawa nyekundu.

"Haya," Rhoda akasema. "Mmeona wenyewe. Mimi nikisema, naambiwa nina mdomo."

Bernadina akainuka. Magoti yalilia, na alivyosimama ukumbi wote ukarudi nyuma kama ng'ombe walioona fimbo. Akapita katikati yao, akatoka nje, akazunguka mpaka dirishani, akasimama kwenye vumbi. Akagonga kioo kwa kidole. Mtu akakifungua kidogo, kiasi cha sauti kupita.

"Niko huku," akasema. "Kiangalieni."

Wakakiangalia. Karasha ikanguruma. Wakakiangalia tena. Nyekundu.

"Ramli imekosa mtu wake," Chacha akasema.

"Ameacha pumzi yake humu," Rhoda akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua unene.

"Sawa," Bernadina akasema pale dirishani. "Na wewe toka, Rhoda. Tokeni mmoja mmoja. Yule atakayetoka kikawa kijani, ndiye aliyekuwa anachafua. Wala hatuhitaji mganga."

Chacha akacheka, akatoka wa kwanza, akasimama na bibi nje. Nyekundu. Akatoka mzee mmoja mwenye fimbo. Nyekundu. Akatoka mama mwenye mtoto aliyefunikwa khanga, anatembea kama anakanyaga mayai, akageuka haraka kutazama. Nyekundu, na yeye akashusha pumzi kama amejifungua.

Kisha hakutoka mtu.

Maana kila mmoja aliyebaki alikuwa amepiga hesabu kichwani mwake. Kidude hiki lazima kirudi kijani, wamekiona asubuhi. Sasa kikirudi wakati mguu wangu mimi uko mlangoni? Watu wakayashika mabenchi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anataka kwenda msalani akabana miguu, akakaa.

Mlango wa daktari ukafunguliwa, Loveness akatoa kichwa.

"Anayefuata!"

Hakuna aliyeinuka.

"Anayefuata, jamani. Ni nani?"

"Ni Rhoda," sauti ikasema nyuma.

"Siendi!" Rhoda akasema. "Nimepona!" Na hapo hapo akashikwa na kikohozi mpaka machozi yakamtoka, macho yakawa mekundu kama nyanya. Watu wakayaona macho yale. Naye akaona wanavyoyaona. Ule mkono wake wa kuuzia dagaa ukaenda usoni, ukayafunika.

Bernadina alimwona kupitia ule upenyo wa dirisha. Neno lilikuwa ulimini, tamu kabisa, lingemtosha Rhoda kwa maisha yake yote. Alikuwa amelingojea miezi. Akamkumbuka Mageni na viazi vyake, akalimeza.

"Mwacheni," akasema. "Anakohoa tu. Nesi, njoo uwaambie watu wako hiki kidude kinasema nini. Uwaambie umesimama, si unapita."

Loveness akatoka, akatazama watu waliong'ang'ania mabenchi, akatazama waliosimama vumbini, akatazama taa. Ikamchukua muda kuelewa walichokuwa wameelewa wao. Alipoelewa, alikaa chini palepale penye watoto, trei mapajani.

"Mungu wangu," akasema. "Hakimtafuti mtu. Kinapima pumzi. Pumzi zetu sote, tulizokwisha kuzitoa. Watu wakiwa wengi na pamefungwa, tunavuta zile zile tulizotoa. Mmoja akiwa na kifua kikuu, au hiyo korona, au lolote litakalokuja, tunagawana. Kikiwa chekundu kinasema fungueni. Basi. Hakina neno lingine."

"Kwa hiyo aliyechafua ni nani?" mzee mwenye fimbo akauliza kutoka nje. Alitaka jina.

"Ni sisi wote, babu."

Rhoda ndiye aliyekimbilia madirisha. Alifungua la kwanza kwa nguvu mpaka kioo kikalia, akafungua la pili, la tatu, akabaki amesimama hapo anapeperusha khanga kama anafukuza nzi. Vumbi likaingia. Watu wakapiga chafya, wakalalamika, wakafunika watoto. Bernadina akaingia ndani, akapita pale pale katikati, akaketi konani kwake. Akaegemea. Wote waliona alipoketi, na hakuna aliyejifanya anatazama kwingine.

Taa ilichelewa. Kisha ikawa njano. Baadaye, wengine wakiwa wameshachoka kuitazama, ikawa kijani, na bibi yuko chini yake, macho mekundu, amesinzia.

Loveness alipomwita kupima alimwinamia sikioni. "Bibi, nikiondoe? Nitasema kimeharibika."

"Kiache. Ukikitoa watasema kilitolewa kwa ajili yangu."

Presha yake siku hiyo ilikuwa juu. Ingekosaje?

Jumapili Wiliam alifika, akamkuta mama hana mzigo. Hakubishana. Alimsaidia kubomoa kipande cha ukuta wa jiko, juu, mahali moshi unapokusanyika, wakaacha tundu la ukubwa wa sinia. Weusi wa mkaa bado uko kwenye nyufa za mlango. Ameuacha, ameshindwa kuufikia.

Kliniki iliyofuata alifika amechelewa kama zamani. Madirisha yalikuwa wazi, karasha inanguruma, watu weupe kope na nywele kama waliomwagiwa unga. Nafasi yake ilikuwa wazi. Ya pembeni yake pia ilikuwa wazi, hakuna aliyekaa, mpaka Rhoda alipokuja akasogeza kapu lake la dagaa, akaketi. Hakusalimia. Akajipangusa vumbi shingoni.

"Yote haya umetuletea wewe, mayu," akanung'unika. "Tulikuwa tumejifungia vizuri tu."

"Ndiyo," Bernadina akasema, akafumba macho. "Ni mimi."

Lawama ya vumbi aliweza kuibeba. Hiyo haijawahi kumfanya mtu akatwe panga.