Siku Niliyohama Mstari wa Mama Zawadi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliyotembea hatua arobaini hivi kukatiza uwanja wa mpira, na mpaka leo bado zinaniuma. Umekuja kuniuliza usimame nyuma ya nani kesho, maana binamu yako anagombea. Basi keti. Chai ipo, ingawa haina sukari.

Wenyeji wetu wa Isingiro, hapa Uganda, wana majimbo na wabunge wao; picha zao zimebandikwa kwenye nguzo hadi Mbarara. Sisi wakimbizi wa Nakivale hatumo. Tunachagua mwakilishi wa kijiji tu, yule wa kutusemea kwenye ofisi ya kambi, na tunamchagua kwa kupanga mstari nyuma yake, kila mtu akikuona.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini. Mwakilishi wetu alikuwa Mama Zawadi, mjane muuza dagaa, Mkongo kutoka Fizi kama sisi, ila si wa ukoo wetu. Lori la maji lilikuwa halifiki upande wetu mpaka alipokwenda kuketi mlangoni pa ofisi siku nne, dagaa wake wakaharibika. Uchaguzi ulipokaribia, nilimwahidi kwamba nitakuwa naye.

Siku yenyewe nilisimama nyuma yake kweli. Mpinzani wake alikuwa baba yangu mdogo. Akaniona, akapaza sauti.

"Weye, Byamungu, uko unafanya nini kwa ile fasi? Bandugu yako tuko huku."

Watu wakacheka. Nikaona haya, nikavuka. Mama Zawadi alitazama chini tu. Alishindwa kwa watu wachache sana, na nisijidanganye, mmoja wao ni mimi.

Kiangazi kilipofika, lori likawa linaishia mlangoni kwa baba mdogo. Nilipomwendea alinijibu, "Mungojee mukutano." Tukangoja. Mdogo wangu Furaha alikuwa akichota maji ziwani, ndiyo hayohayo tuliyokunywa. Akaharisha siku tatu, akafa. Alikuwa na miaka tisa. Sijapona hapo, mwanangu, na sidhani nitapona.

Siku ya mazishi hatukuwa na maji safi ya kumwoshea. Mama Zawadi akaja na majerikeni mawili, ameyabeba mwenyewe kutoka kijiji cha pili. Nikapiga magoti kumwomba msamaha. Akaniinua.

"Sikukukasirikia," akasema. "Nilijua unaogopa bandugu yako. Lakini ile mustari haikukuwa yangu, mutoto wangu. Ilikuwa ya maji yenu."

Akaenda kuwasaidia wanawake kumwosha mtoto.

Kwa hiyo usinikumbushe kwamba binamu yako ni damu yetu. Namjua, nimembeba mgongoni. Jiulize ni nani amewahi kuketi mlangoni pa ofisi kwa ajili yako, dagaa wake wakioza. Simama nyuma ya huyo, hata mkiwa wawili, hata nikikuita mimi mwenyewe kutoka mstari mwingine. Wakikucheka, tazama chini, lakini usivuke.

Nenda sasa, jua linazama. Mungu aishike miguu yako hapo kesho, akujalie watoto, na maji utakayoletewa nyumbani yawe ya kunywa.