Nilimtafutia mwanangu kinga ya surua kwa kumlaza na mgonjwa

Wakuu salaam. Siku zote humu nasoma tu, leo naandika la kwangu. Ni kweli tupu, sina hata nguvu ya kutia chumvi.

Mimi ni agent wa clearing, natoa mizigo forodhani hapa border Tunduma, naishi Chapwa. Nimekulia Mbozi kwenye kahawa.

Kwetu mtoto mmoja alipougua surua, mama alitulaza wote naye kitanda kimoja ili tuimalize kwa pamoja. Tukapona. Nikakua najua kinga ya kweli unaipata kwa kuugua, chanjo ni mambo ya watu waoga.

Kwa hiyo nilimkatalia mke wangu kumchanja binti yetu Eliza. Nilijiona msomi pia, maana nilisoma mtandaoni kuwa natural immunity ya surua hudumu maisha.
(Hiyo ni kweli wakuu, na ndiyo iliyonimaliza.)

Eliza akiwa na miaka mitatu, dada yangu aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuja na mwanae ana vipele.

"Baba Eliza, huyu wetu hajachanjwa," mke wangu alisema.
"Ndiyo vizuri, tumalize sasa."

Niliwalaza mwenyewe, shuka moja.

Baada ya siku kumi na kitu, homa na vipele. Hayo niliyategemea.
Kisha degedege, mtoto akawa hajitambui. Tulilazwa wiki mbili.

Alipona. Tuliporudi nyumbani ndipo tukagundua hasikii.

Nikampigia mama, nikamuuliza mbona sisi tulipona wote.
"Mwanangu, nani kakwambia wote? Kabla hujapata akili alikuwepo dada yako Yusta. Alilala kitanda hicho hicho."
Jina hilo sikuwahi kulisikia.

Daktari anasema chanjo ingeufundisha mwili wake kupambana na surua bila yeye kuugua. Anasema pia surua haitamrudia tena. Nilichokitaka nimekipata.

Sasa hivi malori yako foleni hapa nje, yanapiga honi. Eliza kakaa barazani, kayapa mgongo, anapanga vizibo vya soda. Hageuki.

Mliolelewa kama mimi, kabla ya kuwalaza watoto pamoja, waulizeni mama zenu mlizaliwa wangapi.

Na mwenye mtoto aliyepoteza kusikia aniandikie hapa, alianzaje kuongea naye. Eliza bado ananiita baba, ila kila wiki neno linazidi kupinda, nami siwezi kumrekebisha.