Nyirinyiri Juu ya Paneli

Nakumbuka asubuhi ya Jumatano niliyomwita mtu mwizi hali mwenyewe hayupo. Nilisimama kwenye soko la maziwa hapa Garissa, katikati ya wanawake wenzangu na majerikeni yetu, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza mboga kwamba Fundi Dahir ameniuzia paneli za uongo. Sikunong'ona. Nilikuwa sijafika miaka thelathini, na wakati ule nilidhani mtu akisema jambo kwa sauti kubwa basi ana hakika nalo.

Mwanangu, ngoja nikueleze mambo yalivyofuatana, maana kosa langu lilianza wiki kadhaa kabla ya Jumatano hiyo.

Nilikuwa nimeolewa mtaa wa Iftin na nikiuza maziwa ya ngamia. Maziwa yalifika asubuhi kutoka malishoni, na joto la kwetu unalijua. Ikifika adhuhuri, yale ambayo hayajapata mnunuzi yalikuwa yameanza kuharibika. Mume wangu akakubali tuweke friza na paneli nne za sola juu ya paa. Kazi ya kuzifunga tukampa Dahir, mtu wa Banissa, mji wa mbali kaskazini, aliyehamia hapa mjini bila ndugu hata mmoja. Alikuwa na ngazi, sanduku la vifaa, na jina zuri ambalo watu walianza kupeana wenyewe kwa wenyewe. Fundi asiye na ukoo karibu anaishi kwa jina lake. Hilo nililijua vizuri, na bado nikafanya nilichofanya.

Alifunga kwa siku mbili. Alipomaliza aliniita mbele ya kontrola, kile kisanduku cha ukutani chenye kioo kidogo cha namba.

"Walaal," akaniambia, kama tunavyoitana sisi ndugu, "kila paneli imeandikwa wati mia mbili hamsini. Hiyo ni namba ya kiwandani, si ya Garissa. Hapa paneli inachemka kama kikaango, na ikichemka inachoka. Saa sita mchana, mbingu zikiwa wazi na friza inavuta umeme, ukiona mia saba na kitu, mpaka mia nane, shukuru Mungu. Ukiona chini ya hapo siku mbili mfululizo, nipigie simu."

Nikaitikia, haya, haya. Moyoni nilikuwa nazidisha mia mbili hamsini mara nne.

Mwezi wa kwanza friza ililia vizuri na maziwa yakakaa. Kisha yakaanza kuchacha. Mwenye hoteli mmoja akanirudishia jerikeni zima mbele ya wateja wake, na nikarudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Nilikitazama kioo nikaona mia tatu na kitu. Siku nyingine, kabla ya saa mbili asubuhi, nikaona themanini. Jioni nyingine nikaona hamsini. Nilikuwa nakitazama kila nilipokasirika, yaani saa yoyote ile, na sikuandika popote. Nilikusanya zile namba ndogo tu kichwani, kama mtu anayekusanya kokoto za kurusha. Ziliponitosha, nikaenda nazo sokoni.

Habari haikulala. Kulikuwa na kamati ya kisima katika mtaa wa pili iliyokuwa imekubaliana na Dahir afunge paneli za pampu yao. Ilikuwa kazi kubwa ya kwanza maishani mwake. Siku hiyohiyo, kabla ya alasiri, mwenyekiti wao akanitumia ujumbe: Ijumaa baada ya swala watakaa, na wanaomba nifike niseme ninachokijua. Kama ni kweli, Dahir hataigusa pampu. Hakuhitaji kuongeza kwamba baada ya hapo hakuna nyumba Garissa ambayo ingemruhusu kuegemeza ngazi.

Mimi nilifurahi kuitwa, mwanangu. Nakuambia ukweli wote. Nilimpelekea mama mkwe wangu habari hiyo kama mtu aliyeshinda kitu. Tulimwita Hooyo, mama. Alikuwa amechunga ngamia tangu utotoni mpaka macho yalipoanza kufifia, ndipo akaletwa mjini kwa mwanawe. Nilimkuta barazani akichambua mchele kwa vidole.

"Huyo mnyama wako wa vioo," akasema, "aliyekuletea alikwambia atatoa kiasi gani?"

"Elfu moja, Hooyo."

"Alisema elfu moja?"

"Alisema mia nane. Lakini imeandikwa..."

"Sikuuliza kilichoandikwa, mimi sijui kusoma. Na unamkamua saa ngapi?"

"Naangalia nikipata nafasi."

"Leo asubuhi, kesho jioni. Halafu unasema amepunguza." Akatupa kokoto nje ya ungo. "Tangu apunguze, nani amekuwa akimkaribia?"

"Hakuna mtu. Ni mimi tu ninayepanda kule juu."

"Basi ni wewe tu wa kuulizwa."

Nilitaka kuinuka, akanishika upindo wa gauni langu la diraa. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio ulionichoma. "Ngamia wangu akipunguza maziwa, nilitazama ndama. Nikatazama kupe, nikatazama kwato, nikakumbuka alikolisha jana. Siku ya kumlaumu aliyeniuzia haikupata kufika. Wewe umeanzia huko. Na umewaita watu wote wa soko, isipokuwa yeye. Mwite. Akija, mpe chai kabla hajapanda."

Dahir alikuja Alhamisi, jua likikaribia utosini. Alikinywa kikombe cha chai amesimama, amenipa ubavu.

"Nasikia nimekufungia mabati yaliyopakwa rangi ya samawati," akasema. "Wallahi, ningekuwa najua kupaka vizuri hivyo ningefungua duka la rangi."

Mimi sikucheka. Hooyo alicheka kwa niaba yangu.

Akakitazama kioo. Mia tatu na kumi. Mbinguni hapakuwa na wingu hata la kufunika kiganja. Niliuona uso wake ukibadilika, na nikaelewa kitu ambacho hasira haikuniruhusu kukiona kabla: mtu huyu naye alikuwa na hofu. Aliogopa kwamba huenda kweli amekosea mahali. Alipima betri, akapima nyaya moja baada ya nyingine kwa kile kipimo chake cha sindano mbili, akakaza skrubu ambazo hazikuhitaji kukazwa. Kila kitu kilikuwa sawa. Akachukua ngazi.

Hapa lazima nikueleze jambo ambalo mpaka saa ile sikuliona lina uhusiano wowote. Mdogo wangu alikuwa akiolewa, na nilipewa kazi ya kuandaa nyirinyiri ya harusi. Unajua kazi ilivyo: nyama ya ngamia inakatwa vipande virefu vyembamba, inaanikwa juani, ndipo ikatwe vidogo na kukaangwa kwa samli. Nyama ya harusi si ya siku moja. Niliianika kwa mafungu, zaidi ya wiki mbili. Uani kuna paka na mbuzi, kwa hiyo nilifunga kamba mbili juu ya paa, kutoka mnara wa tangi la maji mpaka kwenye nguzo. Wakaja wale korongo wakubwa wa jalalani, waliojaa mji huu, nikafunika nyama kwa chandarua kikuukuu. Kila asubuhi nilipanda kugeuza nyama huku paneli zikiwa usawa wa magoti yangu. Ungeniuliza ni nini kilicho karibu na paneli, ningekuapia kwamba hakuna kitu.

Dahir alizunguka kule juu, akikagua paneli moja moja. Kisha akashuka, ameshika kipande kimoja cha nyama kwa vidole viwili.

"Mwizi nimemkamata," akasema. "Lakini bado hajakauka."

Nilibisha, bila shaka. Nilimwambia vivuli vya nyama ni vyembamba kama kamba, na jua la Garissa ni jingi hata ukilipunguza kidogo halijui. Hakunijibu kwa hasira. Alichuchumaa karibu na Hooyo, nadhani kwa sababu aliona yeye ndiye atakayeelewa haraka.

"Hooyo, ngamia wa msafara mnawafungaje?"

"Kamba ya huyu kwenye mkia wa yule."

"Na wa katikati akichechemea?"

"Wote wanaenda mwendo wake."

"Paneli zimefungwa hivyohivyo. Kivuli kikikaa juu ya moja, hata kama ni cha kamba, zote nne zinachechemea. Hapa kuna vivuli vya kamba mbili na chandarua kinachoning'inia juu ya mbili. Na mafuta ya nyama yamedondoka yakashika vumbi, na hao ndege nao wamefanya shughuli zao."

Tulishusha nyama saa hiyohiyo. Nilikuwa nakimbilia ndoo ya maji, akanizuia: kioo cha paneli kilichochemka hakimwagiwi maji ya baridi mchana, kinaweza kupasuka. Nizioshe alfajiri, kwa kitambaa laini, bila kusugua kwa mchanga kama sufuria. Kabla hajaondoka tulikitazama kioo. Mia sita na kitu. Nikachukua daftari nikaandika siku, saa na namba. Ijumaa alfajiri nilipanda nikafuta paneli zote nne mpaka nikaona uso wangu ndani yake, na sikupenda sana nilichokiona. Saa sita mchana kioo kilisema mia saba na themanini. Nikaandika hiyo pia, nikajifunga shungi, nikaenda kwenye kamati.

Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye maneno machache. Akaniuliza kama paneli zilikuwa za uongo.

Nikasema, "Paneli ni nzima. Nilianika nyama juu yake. Fundi alinieleza mapema niangalie nini na saa ngapi, na sikumsikiliza."

Mmoja akacheka, wakafuata wengine, mpaka mzee mmoja akawa anafuta machozi kwa ncha ya kikoi na kuuliza nyama yenyewe iko wapi. Nilistahimili. Dahir alibaki na kazi yake ya pampu. Jumamosi nilirudi sokoni nikasema tena maneno yaleyale, safari hii nikimfuata kila mwanamke mahali alipokaa.

Laiti yangeishia hapo. Lakini mmoja wa waliokuwapo sokoni ile Jumatano alikuwa amesafiri Alhamisi kwenda kwao kwenye msiba, na kwao ni Banissa. Wiki chache baadaye Dahir alikuja kuangalia betri, na alipokuwa akikunja nyaya zake akaniambia, bila kulalamika, kwamba mama yake alimpigia simu akilia. Alitaka kujua ameiba nini kwa watu wa Garissa.

Nikaomba namba ya simu ya huyo mama. Nikampigia, nikajitaja jina, nikamweleza yote, nyama na korongo na yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusikia, binti yangu, na nimekusamehe," akasema. "Sasa uwaambie na wale walioniambia mimi."

Sikuwajua. Hata leo siwajui. Huenda wengine wamekwisha kufa wakiamini kwamba mwana wa yule mama alikuwa mwizi, na nimebeba hilo mpaka uzee huu.

Ndiyo sababu nakusemesha, mwanangu. Siku hizi sola ziko kila paa, na simu yako inakuchorea hata mistari ya kilichozalishwa jana na juzi. Ni jambo jema, itumie. Lakini kwanza ujue uliahidiwa nini hasa, kwa hali ya hewa ya kwenu, wala si kwa namba iliyoandikwa nyuma ya paneli. Linganisha adhuhuri na adhuhuri, siku yenye jua na siku yenye jua, na uandike, kwa sababu kichwa chenye hasira huchagua cha kukumbuka. Usishtuke namba ikishuka betri ikiwa imejaa na hakuna kinachovuta. Hapo paneli hazina pa kupeleka, zinapumzika. Ikishuka kwa muda mrefu, panda wewe mwenyewe juu, au umtume mwenye miguu salama, utazame kama mti umerefuka, kama vumbi limetanda, kama kuna kitu mlichokiweka nyinyi wenyewe na mkakizoea hata hamkioni. Na ukiwa bado hujaelewa, mpigie fundi. Mpigie yeye kabla ya jirani, kabla ya kundi la simu la mtaa. Kama amekukosea kweli, haki yako itakuwepo hata kesho. Kama hajakukosea, hutakuwa na watu wa kuwatafuta Banissa.

Nami najua utakosea mahali fulani, kama nilivyokosea mimi. Sikukasirikii kwa hilo mapema. Ukikosea, nenda ukaseme mwenyewe, uvumilie wakikucheka.

Mwenyezi Mungu akuwekee baraka katika nyumba yako na katika kazi ya mikono yako. Aukinge ulimi wako na haraka, akuepushe na kumdhulumu mgeni asiye na wa kumtetea, na akupe mtu wa kukuuliza maswali kabla hujatoka mlangoni. Amin.