Mlango wa Simba ya Wangila

Watu wa Matete bado wanamcheka ndugu yangu mdogo, Wangila. Mwalimu mzima wa historia ameacha kazi aende Marekani kusomea shahada ya uzamili, na somo lenyewe ni Marekani!

"Ni kama kwenda kwa jirani kuuliza habari za jirani," fundi Barasa aliniambia.

"Na wewe ukizitaka unaendanga kumuuliza nani?" nikamjibu.

Wangila anataka kuandika juu ya watu weusi waliokata miwa kule Luiziana. Marehemu baba yetu alikata miwa mpaka mgongo ukamkatalia, kwa hiyo mimi dada yake Wangila sikuhitaji maelezo zaidi.

Lakini nyumbani hakuna aliyecheka. Tuliogopa. Tulisikia habari za risasi vyuoni na za wanafunzi wageni kufutiwa viza katikati ya masomo. Mama alikuwa na hofu yake nyingine, na hiyo hakuitaja.

Mwaka juzi tulimzika binamu yetu Griffin, kule Navakholo. Alifia masomoni ng'ambo kabla hajajenga simba, nyumba ya kijana, katika boma la baba yake. Kwetu maiti ya mwanamume mzima hulazwa nyumbani kwake. Basi gari likangoja langoni huku wajomba wakipigilia kibanda cha mabati. Mlango ukatoka mwembamba. Jeneza likainamishwa ubavu ili lipite, tukasikia kitu kikigonga ndani. Mama alishika mdomo.

Viza ya Wangila ilipotoka, mama alimwita. Kwetu mama humwita mwanawe Papa, yaani baba.

"Papa, utaenda. Lakini jenga kwanza."

"Mama, si nitajenga nikirudi?"

"Ukirudi namna gani?"

Wangila akatoka kumtafuta fundi. Kesho yake Barasa akaanza kuchimbia nguzo.

Ilikuwa nyumba ya udongo, vyumba viwili tu. Siku ya kuweka fremu nilikuwa nakandika ukuta wa nyuma, nikamsikia Wangila akiuliza, "Barasa, huu mlango ni wa nyumba ama wa posho mili, wa kupitisha magunia ya mahindi?" Nilizunguka, nikamkuta amenyoosha mikono yote miwili na bado haigusi mbao.

"Ni vile mama alisema," Barasa akajibu akiangalia chini. "Mimi hufuatanga tu maneno ya mwenye boma."

Mama alikuwa kivulini anapeta maharagwe. Hakuinua uso. Wangila alimtazama, akautazama mlango, akaishusha mikono. Nilijua ameelewa. Nilitaka kumkaripia mama, nikashindwa, kwa sababu hata mimi ningemwagiza fundi vivyo hivyo.

"Punguza," Wangila akasema. "Uache pa kupita mtu mmoja."

"Papa..."

"Mama, nitaingia na miguu yangu."

Barasa hakugusa nyundo. Alimngoja mama. Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwa mama, na maharagwe yalikuwa yanamwagika bila yeye kuona.

"Mpunguzie," akasema mwishowe.

Wangila aliondoka mwezi wa nane. Simu yake ikiita, mama huuangalia kwanza ule mlango mwembamba, ndipo anapokea. Ile fremu pana iliyong'olewa hajaniruhusu kuichanja kuni. Ameiegemeza nyuma ya jikoni, na kila mawingu ya mvua yakitanda, hutoka mbio kwenda kuifunika.