Foleni Iliyopendeza Pichani

Jumanne nilikuwa benchini kwenye kituo kimoja cha afya hapa Sumbawanga. Bibi mmoja, aliyetoka kijiji cha Kate alfajiri na mjukuu mgongoni, akafika dirishani.

"Shikamoo bibi," muuguzi akamwambia. "Chanjo imeahirishwa mpaka Alhamisi. Tulitangaza kwenye ukurasa wetu."

Bibi akatoa simu yake ya kitochi, akaigeuza pande zote, akairudisha kwenye pindo la khanga. "Mngempa katekista tangazo, angelisoma baada ya misa. Kijiji kizima kingejua."

"Siku hizi ni mtandao, bibi."

Bibi akaja kuketi karibu nami. Mara akatokea afisa habari, akatuomba tusogeleane na tutabasamu, akapiga picha. Dakika chache baadaye nikaiona kwenye simu yangu, katika ukurasa wa kituo, na maneno: "Wananchi wajitokeza kwa wingi kupata chanjo." Bibi yuko mbele kabisa, anatabasamu. Aliombwa kwa adabu.

Nikaandika chini ya picha: "Chanjo yenyewe ipo?"

Nisiwaonee, walijibu haraka: "Asante kwa swali lako. Tafadhali fika kituo cha afya kilicho karibu nawe."

Nikamsomea bibi. Akalitazama dirisha, hatua tatu mbele yetu.

"Mjibu basi," akasema. "Mwambie tumeshafika."