Barafu ya Mbwa na Chumvi ya Mama

Mama yangu alikuwa mkandaji. Pale Ngonga, kijijini kwetu Kyela, mwanamke akijifungua, mama ndiye aliyeitwa kwanza, naye alikwenda na taulo lake begani kama askari na bunduki. Maji ya kukandia aliyachemsha mpaka sufuria ikaomba msamaha. Na kabla ya kuchovya taulo, lazima atie konzi ya chumvi. Kukanda bila chumvi, alikuwa akisema, ni kumwogesha mtu tu.

Tulikuwa na mbwa jike, mwekundu, sikio moja limelala. Nilipokuwa nasoma masomo ya jioni alinisindikiza kila siku na kujilaza chini ya dawati mpaka kipindi kiishe. Alihudhuria kuliko wanafunzi wote wa Kyela, ila cheti nikapewa mimi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wanunuzi wa mchele wamejaa kila kichochoro. Asubuhi moja baiskeli iliyobeba magunia mawili (nikisimulia kwa watu huwa yanafika saba) ilimgonga mbwa pajani. Mfupa haukuvunjika, lakini goti la nyuma lilivimba likawa kama papai, na mguu hakuukanyagia tena. Alinitazama tu, kama vile mimi ndiye niliyesoma na kwa hiyo nitajua la kufanya.

Bwana Mifugo wetu alikuwa mgeni, kahamishiwa kwetu kutoka mikoa ya kaskazini. Alimpapasa goti, akaniambia nimkande mwenyewe nyumbani. Siku tatu za mwanzo baridi: barafu ndani ya kitambaa kikavu, dakika kumi, napumzika, narudia baadaye. Uvimbe ukishapungua ndipo joto, na joto lenyewe nilipime kwanza kwenye mkono wangu. Nikaandika yote daftarini kwa mwandiko wa mtihani. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa. Tangu azaliwe hakuwahi kuona kiumbe kinakandwa kwa baridi.

Barafu ilipatikana mjini tu, kwa mzee mmoja wa dukani mwenye asili ya pwani, aliyekuwa ameleta friji kubwa ambalo ungeweza kumfungia ng'ombe ndani na bado akageuka. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akaniuliza kama mbwa huyo anaoa au anaolewa, maana barafu kwake watu walichukua kwa ajili ya harusi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanifungashia bonge zuri, akanifundisha nilifukie kwenye makapi ya mpunga lisiyeyuke njiani. Nikamwambia ndaga, asante ya kwetu, naye akaijibu kwa lafudhi ya baharini.

Nyumbani nikaivunja ile barafu ndani ya beseni. Mama akaleta taulo na kopo la chumvi. Akanisogezea, kama unavyomsogezea mtu kijiko anapokaa mezani. Nikatia konzi mbili. Barafu ni kali, nikawaza, na ukali wake unataka chumvi ya kutosha. Taulo nikalilowesha humo humo, nikalifunga gotini pamoja na vipande vya barafu. Na zile dakika kumi nikaona ni uchoyo. Kama dakika kumi ni dawa, nusu saa si itakuwa hospitali ya rufaa?

Mama alimshika kichwa. Mbwa alilia kwanza, akanyong'onyea, akanyamaza. Tukatazamana kwa furaha. Siku tatu tulimfunga hivyo, barafu nikiifuata mjini kila asubuhi, na kila aliponyamaza nilimsifu.

Siku ya nne manyoya yalibaki kwenye taulo. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe kama ugali, pembeni inageuka nyeusi, na malengelenge.

Bwana Mifugo alikuja akaikagua ngozi, kisha beseni. Akachovya kidole kwenye maji yaliyobaki, akakigusisha ulimini.

"Nani ametia chumvi?"

"Ni mimi," akasema mama.

Nami, msomi, nikaangalia miguu yangu.

Alitueleza polepole, bila kufoka, na afadhali angefoka. Chumvi huifanya barafu izidi sana kuwa baridi, mpaka inaunguza kama moto. Mbwa hakunyamaza kwa kupata nafuu. Nyama ilikuwa imekufa ganzi.

Nililijua hilo. Liliulizwa kwenye mtihani wangu wa sayansi: chumvi hushusha kiwango cha kuganda cha maji. Nilipata alama zote za swali lile, na mwalimu alilisoma jibu langu mbele ya darasa, mbwa akiwa chini ya dawati.

Goti lilipona. Lilipona vya kutosha kunikimbia. Kidonda kilitakiwa kuoshwa kila siku, lakini akiniona na kitambaa chochote, hata shati nililovua, alichechemea mpaka majarubani akajilaza kwenye tope la mpunga, kidonda chini. Nilimfuata, nilimbembeleza, nilitembea magotini katika maji. Alikuwa akinisubiri nibakize hatua mbili, kisha anahama jaruba. Mwishoni kidonda kikaoza, hakuhama tena. Nilimkuta kwenye tuta, amekufa, akiwa ameelekea upande usio wa nyumbani.

Mama hakuwahi kunilaumu, wala mimi sikuwahi kumwambia Bwana Mifugo kwamba konzi zilikuwa mbili na mkono ulikuwa wangu. Wiki chache baadaye aliitwa kwa mzazi mmoja jirani. Akachemsha maji, akashika chumvi, mkono ukabaki hewani.

"Mwanangu," akaniuliza, "nitie?"

Kwenye maji ya moto chumvi haina ubaya wowote. Nilijua. Nikainama nikachochea moto. Akairudisha chumvi koponi, akabeba sufuria na kuondoka.